Mama Konokono na Wimbi la Dokta

Mama mdogo wangu akikukasirikia, mama alizoea kusema, wewe nunua kalenda. Hakuwa mtu wa kelele. Ukimkosea asubuhi, mchana atakupakulia chakula kama kawaida, jioni atakuuliza habari za kazi, nawe utajipongeza kwamba yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Nilikulia kati yao wawili. Mama, aliye mkubwa, alikuwa fundi cherehani na alishonea sebuleni, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na pini hata mahali ambapo pini haina sababu ya kufika. Mama mdogo aliondoka kila siku saa moja na nusu kwenda chuoni, mkoba begani, nywele zimebanwa kwa kibanio cha nguo. Huko walimwita Mama Konokono, na yeye hakukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Nyuma ya jengo la sayansi kulikuwa na banda lenye konokono karibu mia nne, na yeye ndiye aliyejua yupi anakula, yupi ametaga, yupi anajifanya amekufa.

Konokono wale walifugwa kwa ajili ya ubongo wao. Ubongo wa konokono una seli za neva chache sana ukilinganisha na wetu, lakini baadhi ni kubwa kiasi kwamba chini ya hadubini ya kawaida unaziona zimekaa kama punje za mtama, zenye rangi ya chungwa. Mtu anayetaka kujua neva moja inamwambia nini mwenzake hupata pa kuanzia hapo.

Elimu ya darasani mama mdogo hakuwa nayo nyingi. Babu yangu alikuwa fundi redio, na binti yake mdogo alishika chuma cha kulehemu kabla hajajua kusuka. Babu alipofariki, chuo kilikuwa kinatafuta mtu wa kutengeneza amplifaya za maabara ya neva kwa wiki mbili. Alikwenda kwa wiki mbili, akakaa miaka ishirini na sita.

Nilipokuwa na miaka tisa alinipeleka nikaone. Alishika mrija mwembamba wa kioo, akaupasha moto katikati, akauvuta mpaka ukawa sindano yenye ncha usiyoweza kuiona. Akaijaza maji ya chumvi, akatia uzi wa fedha ndani yake, akaishusha polepole kwenye kisahani chenye ubongo wa konokono. Spika ikakwaruza. Halafu: tak. Tak. Tak-tak.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Kama mtu anagonga kucha mezani."

"Ndiyo hiyo. Seli moja inaongea."

"Inasema nini?"

"Subiri kwanza ujue inavyoongea." Akavuta kigoda. "Ndani ya seli umeme wake ni tofauti na wa nje. Katikati kuna ukuta mwembamba wenye milango. Seli nyingine zinaiambia, piga. Nyingine zinaiambia, nyamaza. Yenyewe inajumlisha na kutoa. Hesabu ikifika kwenye kizingiti, milango inafunguka, chumvi inaingia kwa kishindo, tak! Isipofika, kimya. Hakuna tak nusu."

"Na ikishapiga?"

"Umeme unakimbia kwenye uzi wake mpaka mwisho. Pale mwisho pana mwanya kati yake na jirani. Basi inamwaga dawa, dawa inavuka mwanya, jirani anaipokea na kuanza hesabu zake. Na jirani wa jirani hivyohivyo. Ndiyo unavyokumbuka jina lako, ndiyo unavyojikuna."

"Hizo zinazosema nyamaza si zinaharibu tu?"

Akacheka. "Bila hizo usingenyanyua hata kijiko. Misuli ya kukunja na ya kukunjua ingevutana mpaka ukae kama sanamu. Kichwani humo mwanangu, kunyamazishana ni nusu ya kazi."

Swali lililomshika yeye lilikuwa dogo. Konokono akiwa anatafuna, mguse pembe: anajikunja, na papo hapo anaacha kutafuna. Seli zinazoendesha mdomo, ambazo zilikuwa zinapiga kwa mpigo kama wa ngoma, zinanyamaza zote kwa pamoja. Maana yake kuna mahali zimeambiwa zinyamaze. Na nani? Hakuna aliyemtuma kulitafuta jibu. Alilitafuta kwa miaka mitatu, baada ya kumaliza kazi za watu, akichoma sindano kwenye seli moja baada ya nyingine na kuandika kwenye daftari lenye jalada jekundu: hii siyo, hii siyo, hii siyo.

Akaipata. Ilikuwa seli ndogo, imejibanza chini ya ile kubwa kuliko zote, kiasi kwamba kila mtu aliyepita pale aliiruka. Ukigusa pembe, hiyo ndiyo iliyotangulia kupiga, na seli za mdomo zikanyamaza. Akailazimisha kupiga kwa umeme wa sindano bila kugusa pembe, mdomo ukanyamaza. Akaizuia isipige, halafu akagusa pembe: mdomo ukaendelea kutafuna kama vile hakuna kilichotokea. Siku hiyo alirudi nyumbani akamkumbatia mama na sindano zake mdomoni, nusura wachomane.

Mkuu wa maabara ile tulimjua kwa jina moja tu, Dokta. Alikuwa mtanashati, shati limepigwa pasi hata kwenye kola ndani, na alikuwa na tabia ya kumwita kila mwanamke aliyemzidi umri "Mama" kwa sauti ya mtu anayempapasa paka. Mama mdogo alimwonyesha kila kitu. Dokta alitazama saa nzima. Mwishoni akasema, "Umefanya kazi nzuri sana, Mama. Niachie hilo daftari nilipitie."

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye jarida likaja. Lilikuwa na picha za seli ile, michoro ya mpigo wake, na majaribio yote matatu kwa mpangilio uleule wa daftari. Majina yalikuwa mawili, la Dokta na la rafiki yake wa chuo kingine ambaye mama mdogo hakuwahi kumwona. Jina lake alilitafuta kuanzia juu hadi chini. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na shukrani kwa mlishaji wa konokono.

Alimfuata Dokta ofisini. Bahati mbaya, au labda Dokta alipenda iwe hivyo, kulikuwa na wanafunzi sita wamekaa humo.

"Dokta, ile seli niliiona mimi."

"Uliiona, ndiyo, Mama," Dokta akajibu, akatabasamu kwa wanafunzi. "Lakini kuona siyo kujua. Hata paka anakaa anaitazama redio."

Wanafunzi wakacheka. Mmoja wao, mama mdogo alisema, alicheka hadi akafuta machozi. Mama mdogo akasema, "Sawa, Dokta," akafunga mlango taratibu usipige kelele.

Wiki iliyofuata Dokta aliwekewa mashine mpya ya kurekodi, ya kompyuta, akasema sasa hahitaji mtu wa kukaa na spika. Kigoda cha mama mdogo kikatolewa nje. Akaambiwa kazi yake ni banda, kuosha vyombo, na kutengeneza kinachoharibika. Daftari jekundu halikurudi.

Nyumbani alisimulia yote akiwa anamenya viazi, sauti yake haikupanda hata mara moja. Mama ndiye aliyepiga kelele. Alitaka kwenda chuoni na mkasi wa kukatia vitambaa.

"Kaa chini, dada," mama mdogo akasema. "Usimguse. Huyo ni wangu."

*

Ilipita miaka miwili bila lolote. Dokta akapandishwa cheo. Alikuwa sasa anatafuta kitu kikubwa zaidi, kumbukumbu: konokono akifundishwa, ndani ya seli zake kunabadilika nini? Alikuwa na mwanafunzi wa shahada ya juu, msichana mwembamba wa miwani minene, ambaye mama mdogo alimbandika jina la Mpole. Mpole alizungumza kana kwamba maneno yanauzwa. Alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyekwenda bandani saa nne na vikombe viwili vya chai, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza, "Mama, huyu mbona pembe moja fupi?" Mama mdogo alimfundisha kuvuta sindano za kioo. Alisema mikono ya binti yule ilikuwa imetulia kama meza.

Kazi ya kufundisha ilikuwa ya Mpole. Asubuhi alirekodi seli za konokono ambao hawakufundishwa chochote. Kisha aliwafundisha wengine: anawanusisha harufu fulani, halafu anawapa chakula, hivyo hivyo mara nyingi, mpaka harufu yenyewe iwafanye watafune. Mchana alirekodi seli za hao waliofundishwa. Naye Dokta akakaa kwenye kompyuta akapekua michoro, na siku moja jengo zima likasikia ameipata. Katika seli za waliofundishwa, hata zikiwa zimetulia, mstari ulikuwa unapanda polepole, unakaa juu kama dakika nne, unashuka, unatulia, unapanda tena. Kwa wasiofundishwa hakuna. Dokta akaliita wimbi la kumbukumbu. Seli, alisema, inarudia somo lake kimoyomoyo.

Mama mdogo aliliona wimbi hilo siku aliyoitwa kubadilisha taa. Alikuwa juu ya ngazi, mchoro uko kwenye kioo cha kompyuta chini yake. Alitazama likipanda. Akasikia, nyuma ya mlango, friji ya dawa ikianza kunguruma. Akalitazama likikaa juu. Friji ikajitingisha, ikanyamaza. Wimbi likashuka.

Alimaliza kubana balbu. Akashuka ngazi, akaifunga, akaaga.

"Nilitaka kucheka pale pale," alituambia. "Ilibidi niume ulimi."

Jambo lenyewe alitueleza mezani, kwa kutumia kikombe, uma na kamba ya viatu vyangu. Friji na mashine ya Dokta zilichomekwa kwenye soketi mbili za laini moja, na waya wa ardhi, ule wa kupeleka chini umeme uliopotea, ulikuwa umelegea ukutani. Mota ya friji ikiwaka, umeme kidogo unavuja usikotakiwa, na mstari wa mashine unanyanyuka. Ikizimika, unashuka. Seli haina habari.

"Sasa mbona kwa wasiofundishwa halionekani?" nikauliza.

"Kwa sababu hao wanarekodiwa asubuhi, kuna ubaridi, friji inapumzika. Wanaofundishwa ni mchana. Joto, na watu wanafungua friji kila saa kutoa dawa. Inawaka na kuzimika kutwa." Akaukoroga ule uma ndani ya kikombe. "Mimi kabla ya kurekodi chochote nilikuwa natia sindano kwenye maji matupu, nasikiliza. Maji yakiongea, ujue ni nyumba inaongea. Dokta aliwahi kuniambia napoteza muda."

"Utamwambia?" mama akauliza.

"Nani, mimi? Paka?"

Kuanzia hapo mama mdogo akawa na furaha ya ajabu. Aliamka mapema. Aliimba bandani. Dokta aliandika makala, makala ikapokelewa, magazeti yakaja kumpiga picha akiwa ameshika konokono kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. Kadiri alivyopanda, mama mdogo alizidi kunawiri. Alikuwa akimpigia hesabu ya kimo cha kuanguka.

Halafu friji ikaugua. Ilianza kukohoa, ikawa inachelewa kuwaka, na mtunza ghala akasema ile ni ya zamani, italetwa mpya na kuwekwa chumba cha pili. Mama mdogo hakulala vizuri siku hizo. Jumamosi moja alikwenda na mkoba wa vifaa vya babu, akafungua mgongo wa friji, akabadilisha swichi ya ubaridi, akasafisha mota, akaipaka mafuta feni. Akamwambia mtunza ghala, "Hii bado ni kijana, msiitupe." Nadhani hakuna friji iliyowahi kutunzwa kwa chuki nyingi kiasi kile.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakutusimulia wakati ule, nililijua baadaye sana. Mpole, ambaye shahada yake yote sasa ilisimama juu ya wimbi, alikwenda bandani na vikombe viwili vya chai kama kawaida. Akakaa juu ya ndoo.

"Mama, hili wimbi wewe unalionaje?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Sijui. Linanitia wasiwasi. Halifanani na kitu chochote ulichonisimulia kuhusu spika yako."

Mama mdogo akapuliza chai yake. "Linapendeza," akasema.

Mama yangu alilihisi hilo bila kuambiwa. Alikuwa anapinda pindo la sketi, akasema bila kuinua macho, "Na yule mtoto wa watu?"

"Atapona mbele ya safari."

"Wewe ulipona?"

Mama mdogo akatoka nje kuanua nguo.

*

Siku ikafika. Jopo la wataalamu watano lilikuja kutoka nje kuona wimbi kwa macho yao, kwa sababu maabara mbili za mbali zilikuwa zimelitafuta na hazikulipata. Kiongozi wao alikuwa profesa mzee wa kike, mfupi, mwenye fimbo, aliyesikiliza zaidi ya alivyosema. Dokta alitaka kila kitu kiende sawa, na mashine ya kushusha sindano ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo alimwita mama mdogo aje aishike.

"Wewe simama hapa tu, Mama. Nikikwambia shusha, shusha. Nikikwambia acha, acha."

"Sawa, Dokta."

Ilikuwa saa nane mchana, joto limekaa chumbani kama mgeni asiyeaga. Mpole alikuwa kando, mikono nyuma, ndiye aliyemfundisha konokono wa siku ile. Mama mdogo akashusha sindano. Seli ikapiga. Dokta akaeleza habari za kumbukumbu kwa ufasaha wake wote, akanyoosha kidole kwenye mchoro, na kana kwamba limeagizwa, wimbi likapanda. Likakaa. Likashuka. Wageni wakanong'ona. Mmoja akapiga makofi mawili, akaona haya, akaacha. Dokta alikuwa anang'aa.

Likaanza kupanda la pili. Na hapo mama mdogo, bila kuambiwa shusha wala acha, akaizungusha kinyume skrubu ya kushushia sindano, mizunguko mitatu. Mipigo ya seli ikakatika mchoroni. Sindano ilikuwa imetoka kwenye seli, inaelea kwenye maji ya chumvi.

"Mama! Umefanya nini? Umeipoteza seli!"

"Ndiyo, Dokta. Imetoka."

"Naomba radhi," Dokta akawaambia wageni. "Huyu ni mlishaji wetu tu, hana…"

"Ngoja," akasema profesa mzee. Alikuwa anatazama mchoro.

Wote wakatazama. Hakukuwa na seli, na wimbi lilikuwa linapanda. Likafika juu, likakaa pale pale, zuri, laini, la dakika nne, likiwa kwenye maji matupu.

 Mama mdogo alituambia kimya kilichofuata alikinywa kama maji baridi. Kisha akatembea hadi mlango wa nyuma, akaufungua wote waione friji, akainama, akachomoa plagi. Ngurumo ikafa. Kwenye kompyuta mstari ukaanguka chini na kulala.

Akairudisha plagi. Mstari ukapanda. Akachomoa. Ukaanguka.

"Dokta," akasema kwa upole kabisa, mbele ya wote, "kuona siyo kujua."

Profesa mzee aliuliza anaitwa nani. Akataja jina lake lote, la kwanza, la baba na la babu, polepole ili aandike. Kisha akaongeza kwamba kama wangependa, watafute daftari moja jekundu kwenye kabati la Dokta, walinganishe mwandiko wake na makala fulani ya miaka mitano iliyopita. Dokta alisema huu ni upuuzi. Lakini alisema akiwa amesimama mbele ya kabati, na hilo likawatosha. Daftari lilikuwa humo, hata hakujisumbua kulichana.

Alirudi nyumbani jioni ile na keki. Mama akamwambia asimulie tena, akasimulia mara nne, na kila mara kimya cha wageni kilizidi kurefuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona mtu mzima ameridhika namna ile.

Siku ya tatu, tunakunywa chai ya asubuhi, mlango ukagongwa. Alikuwa Mpole. Sijui alipajuaje nyumbani kwetu. Mama alimkaribisha kiti, akakataa, akabaki amesimama kati ya cherehani na meza, miwani imepata ukungu.

"Shikamoo," akamwambia mama. Kisha akamgeukia mama mdogo. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Mama mdogo alitazama kikombe chake. Nilidhani atadanganya. "Tangu siku ile ya balbu."

Mpole akapiga hesabu. Unaweza kumwona mtu akipiga hesabu. "Mwaka mmoja na miezi saba," akasema. "Nilikuuliza. Nilikaa kwenye ndoo nikakuuliza kwa mdomo wangu."

"Kama ningekwambia, ungemwambia yeye. Angerekebisha waya kimyakimya, angetafuta kingine cha kujipatia sifa. Angebaki pale pale juu."

"Ndiyo. Na mimi ningekuwa nimepoteza mwezi mmoja."

"Mwanangu…"

"Usiniite hivyo." Sauti yake haikupanda. "Yeye alikuibia. Mimi nilikuibia nini?"

 Mpole alifungua mkoba wake, akatoa kifurushi cha sindano za kioo alizokuwa amezivuta mwenyewe, akaziweka juu ya cherehani ya mama kwa uangalifu zisivunjike, akaondoka. Mama alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikichukua kile kifurushi, akakiweka mbele ya mdogo wake.

Mambo ya Dokta yalichukua miezi. Makala ya wimbi ilifutwa. Ile ya seli ndogo ilichapishwa upya ikiwa na sahihisho: aliyeigundua ni mama mdogo, jina lake lote. Dokta hakufukuzwa, watu kama yeye hawafukuzwi, wanasogezwa. Walimpa ofisi ya kupanga ratiba za mitihani, ghorofa ya chini karibu na vyoo. Siku moja alimfuata bandani. Mama mdogo alikuwa anabadilisha majani.

"Umeridhika sasa?" Dokta akamuuliza.

Mama mdogo akamtazama kola yake, ambayo haikuwa imepigwa pasi. "Bado," akasema, akaendelea na majani.

Alirudishiwa chumba cha kurekodi, kigoda na spika. Kitu cha kwanza alichoomba kwa uongozi ni kwamba Mpole aongezewe muda, aanze upya na ile seli ndogo, kila alichonacho yeye kiwe cha Mpole. Uongozi ulikubali. Mpole alikataa. Alihamia chuo kingine, akaanza na wadudu badala ya konokono, akamaliza akiwa amechelewa miaka mitatu. Mama mdogo alimwandikia barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili iliyohusu aina ya kioo kinachofaa kwa sindano, bila salamu wala kwaheri, naye aliisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Sasa amestaafu. Macho yamechoka, lakini bado anatengeneza redio za majirani kwa kusikiliza tu. Juzi, tukiwa tunakunja nguo zilizoanuliwa, nilimuuliza kama siku zingerudi angefanya vilevile.

"Kwa Dokta?" akasema. "Kesho asubuhi. Kabla ya chai."

"Na kwa Mpole?"

Alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, mimi nimeshika mbili. Akavuta upande wake sana, ikanitoka mikononi. Akaikunja peke yake, akachukua nyingine.